Kutatua Hitilafu za Skripti za Seva kwa Mbali: Mfano wa Tarehe ya Kurudi Kliniki

Chukuliwe mfano wa mama mjamzito mwenye shinikizo la juu la damu. Kwenye kadi yake muuguzi ameandika arudi kliniki tarehe 07/06/2024, yaani tarehe 7 Juni. Jioni hiyohiyo simu yake inapokea ujumbe kutoka kwenye mfumo wa kituo: arudi tarehe 6 Julai. Mama anauamini ujumbe, kwa kuwa umetoka kwenye kompyuta, na anakaa nyumbani mwezi mzima asipimwe. Mtaalamu wa TEHAMA anapoarifiwa, anaujaribu mfumo kwenye kompyuta yake mjini na kukuta kila kitu ni sawa. Muuguzi analaumiwa kuwa ndiye aliyekosea kuandika.

Mabishano ya namna hii hayaishi mpaka skripti yenyewe itazamwe ikifanya kazi mahali ilipo. Skripti ya seva ni maelekezo yanayotekelezwa kwenye kompyuta kuu kila mara kivinjari kinapoomba ukurasa au kutuma fomu. Mtumiaji huona matokeo tu. Yaliyotokea katikati hayaoni. Wasanidi wengi huzoea kuongeza mistari inayoandika taarifa kwenye kumbukumbu za seva, kisha kuzisoma baadaye. Njia hii inafanana na kupima joto la mgonjwa mara mbili kwa siku: inasaidia, lakini haisemi lolote kuhusu saa zilizo katikati. Chombo cha kutatua hitilafu huisimamisha skripti kwenye mstari uliochaguliwa na kuonyesha thamani ya kila kigeu kwa wakati huo, kisha huisogeza mbele mstari mmoja baada ya mwingine.

Kwa skripti za PHP, chombo kinachotumika zaidi ni Xdebug, kazi iliyoanzishwa na Derick Rethans. Husakinishwa kwenye seva, wala si kwenye kompyuta ya msanidi, na hapa ndipo wanaoanza hupotelea kwa saa nyingi. Wao hudhani kwamba kompyuta yao ndiyo itakayoipigia seva. Sivyo. Ombi linapoifikia seva, Xdebug ndiyo inayopiga kuelekea kwenye kompyuta ya msanidi, ambako programu yake ya kuandikia inapaswa kuwa tayari imekaa ikisikiliza. Kwa hiyo ukuta wa moto wa ofisi, au modemu ya nyumbani, huizuia simu hiyo isifike, na msanidi hubaki akingoja.

Suluhisho lililo salama ni handaki la SSH linalochimbwa kutoka upande wa msanidi. Amri ssh -R 9003:localhost:9003, ikifuatiwa na jina la mtumiaji na anwani ya seva, huifanya poti ya 9003 ya seva ielekee kwenye poti ileile ya kompyuta ya msanidi, ndani ya mawasiliano yaliyosimbwa. Xdebug hudhani inazungumza na jirani wa palepale. Mipangilio kwenye seva basi huwa michache: xdebug.mode=debug, xdebug.client_host=127.0.0.1, xdebug.client_port=9003 na xdebug.start_with_request=trigger. Huo wa mwisho una maana kubwa, kwani huifanya Xdebug iamke pale tu ombi linapobeba alama maalumu, kwa kawaida kuki inayowekwa na kivinjari cha msanidi, badala ya kumsimamisha kila anayefungua mfumo. Baada ya hapo huduma ya PHP huwashwa upya. Miongozo ya zamani hutaja poti ya 9000. Toleo la 3 liliihama kwa sababu PHP-FPM nayo hupenda kuitumia poti hiyo.

Limebaki jambo moja dogo lenye usumbufu mkubwa. Faili lililo kwenye folda fulani ya seva lipo kwenye folda nyingine katika kompyuta ya msanidi, na programu ya kuandikia lazima ielezwe kuwa haya mawili ni kitu kimoja. Isipoelezwa, mawasiliano hufunguka vizuri lakini skripti haisimami popote.

Katika mfano wetu, skripti inasimamishwa kwenye mstari unaosoma tarehe. Kabla ya mstari huo kigeu kina 07/06/2024. Baada yake kina 6 Julai. Kosa limeonekana, na si la muuguzi. Kazi ya PHP iitwayo strtotime, ikikuta mikwaju kati ya tarakimu, huisoma tarehe kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi ukitangulia. Ikikuta vistari, siku hutangulia. Msanidi mjini alijaribu kwa vistari, vituo vikaandika kwa mikwaju. Tarehe kama 20/06/2024 huishinda kabisa kazi hiyo, kwa kuwa hakuna mwezi wa 20, na skripti isiyokagua jibu huandika 1 Januari 1970. Kosa hilo la kuchekesha ndilo afadhali, kwa kuwa kila anayelipokea hushtuka. Tarehe 6 Julai haimshtui mtu. Tiba ni kuitajia skripti muundo wa tarehe waziwazi, d/m/Y kwa DateTime::createFromFormat, na kuikataa fomu isiyosomeka.

Je, uchunguzi huu ufanyike kwenye seva inayohudumia wagonjwa? Hapana. Skripti iliyosimamishwa humshikilia mhudumu mmoja wa PHP, na wahudumu hao ni wachache. Nginx kwa mipangilio yake ya kawaida hungoja sekunde 60 tu kabla ya kumrudishia mtumiaji kosa. Zaidi ya hayo, skripti inaposimama, vigeu vyote huwa wazi mbele ya msanidi: jina, namba ya simu, pengine hata majibu ya kipimo cha VVU. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Inafaa basi kuwa na seva ya majaribio yenye toleo lilelile la PHP, mipangilio ileile na wagonjwa wa kubuni, ambako tarehe huandikwa jinsi wauguzi wanavyoziandika kweli. Na poti ya 9003 isifunguliwe kwa intaneti nzima kwa kisingizio cha haraka.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Ujumbe usiolingana na kadi usifutwe. Upelekwe kituoni pamoja na kadi yenyewe. Muuguzi aandike saa ulipoingia na tarehe kama alivyoiingiza kwenye fomu, mikwaju kwa mikwaju, kwani bila hilo msanidi hatajua asimamishe skripti wapi.

Hitilafu ikishatibiwa, Xdebug huzimwa na handaki kufungwa. Lakini ujumbe uliokwisha kutumwa haurekebishwi na skripti mpya. Orodha ya waliopewa tarehe zenye siku ya 1 hadi ya 12 hutolewa kwenye hifadhidata, hulinganishwa na rejista ya kliniki, na wale ambao tarehe zao hazilingani hupigiwa simu mmoja mmoja, wenye shinikizo la damu wakitangulia.