Kuotesha Nyasi ya Mbeetwa Katika Nchi Kavu

Katika nchi kavu ya Ukambani, tangu Kibwezi na Makueni mpaka Kitui, iko nyasi ya asili ambayo Wakamba huiita mbeetwa. Hufika kimo cha futi tatu hivi, na vijisuke vyake ni bapa kama magamba ya samaki, rangi yake kijani iliyoingiwa na zambarau. Yafaa kupandwa hata kando ya njia ya kuingilia nyumbani, kwa maana hupendeza macho. Lakini mwenye ng'ombe ataipenda kwa sababu nyingine: mizizi yake hushika udongo, mifugo huila kwa hamu, na jua likizidi hukauka juu ikabaki hai chini.

Mahali palipokuwa tupu kwa miaka mingi hapaoti nyasi kwa kungojewa tu. Udongo umekazana kama sakafu, na maji ya mvua hupita mbio yakichukua mbegu zote. Mwaka 1938 Serikali ya wakati ule ilichukua ng'ombe wa Wakamba ikawauza, ikisema kwamba wamezidi malisho. Watu wengi wakaenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu kudai haki yao. Tena, kupunguza ng'ombe peke yake hakuwezi kurudisha majani mahali ambapo hapana mbegu iliyosalia. Mbegu sharti ipandwe.

Wengi hupanda wakashindwa, kisha huilaumu mvua. Mara nyingi ubaya umo katika mbegu yenyewe. Mbegu ya mbeetwa iliyovunwa karibuni haioti vema hata ikipata maji, kwa kuwa hulala kwanza. Ivunwe ikiwa imekomaa, vijisuke vinapotoka kwa kupitisha mkono tu; ianikwe kivulini, itiwe katika gunia la katani, si katika mfuko wa plastiki, na ikae miezi sita au zaidi. Basi mbegu ya Januari au Februari hufaa kupandwa Oktoba, kabla ya mvua za vuli, ambazo Ukambani ndizo za kutumainiwa zaidi.

Kabla ya kulima, ijaribu. Sugua vijisuke kiganjani mpaka punje ndogo za kahawia zitokee. Usipoona punje, umenunua makapi. Ukiziona, hesabu punje 100, uzitandaze juu ya kitambaa chenye maji kidogo, kisiachwe kukauka. Baada ya wiki mbili hesabu zilizoota. Zikiwa chache sana, ingojee mbegu hiyo. Usiwachoshe maksai bure.

Lima mifereji kwa plau, ikikata mteremko, ili maji yasimame na kuzama. Kilo 2 za mbegu zatosha eka moja. Kwa kuwa ni nyepesi na hupeperuka, ichanganye na mchanga mkavu, uimwage katika mfereji, kisha ukokote tawi la miiba juu yake. Isifukiwe zaidi ya nusu inchi, maana mche wake ni dhaifu, hauwezi kupasua udongo mwingi.

Sasa ndipo penye taabu kubwa. Mahali hapo pazungushiwe boma la miiba, na mifugo isiingie mpaka nyasi imezaa mbegu na kuziangusha. Mbuzi mmoja aliyeingia asubuhi aweza kung'oa kazi ya mwezi mzima, kwa kuwa mche mchanga hutoka pamoja na mzizi wake. Magugu yang'olewe kwa mkono. Mwenye mifugo mingi na atenge eka moja kwanza, ng'ombe wapate mahali pengine pa kulisha. Mwaka wa pili eka hiyo itampa mbegu za kupanda nyingine, na akipenda, za kuuza.

Mbegu zikiisha kuvunwa, mabua yakatwe kwa kuacha inchi nne juu ya ardhi, yafungwe matita, yawekwe juu ya jukwaa lenye paa, pasipofikiwa na mchwa wala mvua. Mwezi wa Septemba, malisho yakiisha, ng'ombe wa maziwa na ndama ndio wapewe kwanza.