Dumu Lina Historia Yake: Somo la Kuchagua Chombo Salama cha Kuchachushia Pombe ya Kienyeji

Katika magulio ya Handeni na Korogwe, tangu Mkata na Kabuku hadi Manundu na Mombo, dumu la plastiki halikosi mnunuzi. Hununuliwa kwa kuchotea maji, kuhifadhia mafuta na kubebea maziwa. Katika baadhi ya kaya hununuliwa kwa kuchachushia pombe ya kienyeji, iwe ni boha ya miwa au pombe ya mahindi na kimea. Muuzaji huyapanga madumu yake kivulini yakiwa yameoshwa yakang'aa, na lile lililokwisha kutumika huuzwa kwa bei nafuu kuliko jipya. Hata hivyo, kung'aa si ushahidi wa usalama. Dumu moja huenda lilileta mafuta ya alizeti, na la pili, linalofanana nalo kwa rangi na ujazo, huenda lilileta dawa ya kuua magugu. Macho hayawezi kuyatofautisha, na maji ya kuoshea hayaondoi kila kilichokuwamo.

Lengo la somo hili ni kumwezesha mkazi wa kata kufanya mambo matatu: kuuliza swali sahihi kabla ya kununua chombo, kusoma alama zilizo kwenye kitako chake, na kukitunza ili kisigeuke kuwa chanzo cha maradhi. Somo linamhusu hata asiyeonja pombe maishani mwake. Katika wilaya ambamo familia nyingi zimeishi na uhaba wa maji kwa miaka mingi, dumu linalochachushia pombe leo laweza kesho kuazimwa kwa kuchotea maji ya watoto au kuwekea togwa ya shughuli.

Pombe na chombo chake

Zamani pombe ilichachushwa katika mitungi ya udongo na vibuyu. Plastiki ilipokuja ilipendwa kwa sababu ni nyepesi, haivunjiki upesi na hupatikana kila mahali. Tatizo ni kwamba plastiki si kioo. Ukuta wake hunywa kiasi kidogo cha kile kilichomo, kisha hukitoa polepole katika kitu kinachofuata. Mtu aliyewahi kuweka mafuta ya taa ndani ya dumu analijua jambo hili: ataliosha kwa sabuni na kulianika juani, lakini harufu haiishi. Sumu isiyo na harufu hubaki kwa namna hiyo hiyo, ila haimwonyi mtu.

Pombe huchota vitu kutoka katika chombo kwa nguvu kuliko maji ya kawaida, kwa sababu nne. Kwanza, ina asidi, ndiyo maana huwa chachu ulimini. Pili, ina kileo, ambacho huyeyusha baadhi ya kemikali ambazo maji hayaziyeyushi kwa urahisi. Tatu, hukaa ndani ya chombo kwa siku kadhaa. Nne, mara nyingi humiminwa ingali na joto, na joto huharakisha kemikali kutoka katika plastiki.

Asidi hiyo hiyo ndiyo sababu ndoo ya bati na pipa la chuma lililopakwa zinki havifai kwa kazi hii. Asidi hula zinki, na zinki ikizidi katika kinywaji huleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Mtu anayekwepa plastiki na kukimbilia bati hajaiepuka hatari.

Swali la kwanza: chombo hiki kilibeba nini?

Kabla ya kutazama rangi, ujazo au bei, mnunuzi aulize chombo kilibeba nini kabla ya kufika hapo. Muuzaji asipojua, au jibu lake likiyumba, chombo hicho kisitumike kwa chakula wala kinywaji chochote. Kanuni ni fupi: historia isiyojulikana ihesabiwe kuwa historia mbaya.

Vyombo vilivyobeba vitu vifuatavyo havifai kabisa, hata vikioshwa mara kumi:

1. Viuatilifu vya mashambani, yaani dawa za kuua wadudu, magugu na kuvu, pamoja na dawa za kuogeshea mifugo.
2. Petroli, dizeli, mafuta ya taa na oili ya magari.
3. Rangi za nyumba, vimiminika vya kuyeyushia rangi, na dawa za kuhifadhi mbao.
4. Tindikali ya betri na kemikali za kuchenjulia dhahabu, zikiwamo zebaki na sianidi. Tahadhari hii ni ya lazima kwa vijiji vilivyo karibu na machimbo.
5. Sabuni kali na dawa za usafi zinazouzwa kwa matumizi ya viwandani.

Lebo ya kiuatilifu, ikiwa bado ipo, hutoa onyo kwa rangi na michoro. Utepe mwekundu chini ya lebo humaanisha sumu kali mno, wa njano sumu kali, wa bluu sumu ya wastani, na wa kijani sumu yenye ukali mdogo zaidi. Fuvu na mifupa miwili iliyopishana ni onyo linaloeleweka hata kwa asiyesoma. Hata hivyo, utepe wa kijani si ruhusa ya kutumia chombo hicho kwa kinywaji. Kwa vyombo vya viuatilifu hakuna rangi iliyo salama kwa jikoni.

Baadhi ya watu hujipa moyo kwamba kuchemsha huondoa kila kitu. Moto huua vijidudu, lakini sumu nyingi hazivunjwi na moto wa jikoni. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kuwa pombe ilikuwa na sumu inayotengenezwa na bakteria, ambayo haiharibiwi kwa kuchemshwa. Kisa hicho hakikutokana na dumu. Lakini kinafundisha jambo linalohusu dumu pia: kinywaji chaweza kuwa na harufu ya kawaida na ladha ya kawaida, kikapita mikononi mwa mpishi hodari, na bado kikaua.

Kusoma kitako cha chombo

Chombo kikishapita swali la kwanza, kigeuzwe kitazamwe chini. Vyombo vingi vya plastiki vina pembetatu ya mishale yenye namba ndani yake. Namba hiyo hutaja aina ya plastiki.

Namba 2 ni polithini nzito. Ni ngumu kiasi, haipitishi mwanga vizuri, na ndiyo hutengenezewa madumu mengi ya mafuta ya kula na ndoo nyingi. Ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya chakula, ni chaguo zuri la kuchachushia.

Namba 5 ni polipropilini. Huvumilia joto zaidi kuliko namba 2, na nayo ni chaguo zuri ikiwa ni ya daraja la chakula.

Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji na soda. Ni salama kwa kile ilichotengenezewa, lakini chupa hizo zimekusudiwa kutumika mara moja. Hulegea kwa joto, na mdomo wake mwembamba hauruhusu usafi wa kweli.

Namba 3, 6 na 7 ziachwe, isipokuwa mtengenezaji ameandika wazi kwamba chombo ni cha chakula.

Namba pekee haitoshi. Ndoo ya rangi na ndoo ya siagi zaweza zote kuwa namba 2 au 5. Namba hueleza plastiki ni ya aina gani. Haielezi ilichanganywa na nini kiwandani wala ilibeba nini baadaye. Kwa hiyo itafutwe pia alama ya bilauri na uma, ambayo huonyesha kuwa chombo kimetengenezwa kugusa chakula, pamoja na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ndoo nyeusi au zenye rangi nzito zisizo na alama yoyote mara nyingi hutokana na plastiki iliyorejelezwa, ambayo asili yake haijulikani. Hizo zibaki kwa kazi ya kufulia, kudekia na kuchanganyia udongo.

Umbo nalo lina maana. Ndoo yenye mdomo mpana na mfuniko wake inafaa kuliko dumu lenye shingo nyembamba, kwa kuwa mkono huingia na kufika kila kona. Mahali usipofika mkono, utando wa machicha hubaki, na vijidudu hujenga makazi.

Kukitayarisha na kukitumia

Chombo kilichobeba chakula, kama vile mafuta ya kula, kioshwe kwa maji ya moto kiasi na sabuni hadi utelezi wote uishe. Kisha kijazwe maji ya uvuguvugu, kifunikwe na kuachwa usiku kucha. Asubuhi kifunguliwe na kunuswa. Kikitoa harufu ya mafuta yaliyochina, kioshwe tena au kiachwe. Jaribio hili ni la vyombo ambavyo historia yake ya chakula inajulikana tu; halithibitishi usalama wa chombo kilichookotwa.

Desturi ya kuosha madumu kwa kutia mchanga na kokoto kisha kulitikisa imeenea, lakini huharibu chombo. Mchanga huchora mikwaruzo ndani, na kila mkwaruzo ni handaki ambalo sabuni hailifikii. Steeliwaya nayo hufanya vivyo hivyo. Kitambaa laini au brashi ya nyuzi laini, pamoja na sabuni na subira, hutosha.

Baada ya kuosha, chombo kitakaswe. Kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya klorini ya nyumbani isiyo na manukato kichanganywe katika lita 4 za maji safi, na maji hayo yaguse kila upande wa ndani kwa dakika 10. Kisha chombo kisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Klorini isichanganywe na siki, ndimu wala dawa nyingine ya usafi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu.

Uji wa pombe usimiminwe ukiwa wa moto. Uachwe upoe hadi kiganja kiweze kutulia juu ya sufuria bila kuungua. Hilo huilinda plastiki, na pia huilinda hamira, ambayo hufa katika joto kali.

Chombo kisijazwe hadi juu, wala mfuniko usikazwe. Pombe inapochachuka hutoa hewa ukaa kwa wingi, na dumu lililofungwa sawasawa huvimba na laweza kupasuka. Katika chombo cha lita 20, lita 15 zinatosha. Mfuniko uachwe umelegea, au mdomo ufunikwe kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa kamba ili inzi wasiingie. Chombo kiwekwe kivulini, kwa sababu jua huichosha plastiki na kuifanya iwe na nyufa.

Chombo kilichozeeka na kidumu cha sumu

Ndoo iliyopasuka, iliyobadilika rangi, iliyojaa mikwaruzo au inayomeguka pembeni imemaliza kazi yake ya chakula. Ishushwe daraja iende bustanini.

Kidumu cha kiuatilifu, kwa upande wake, kisishushwe daraja bali kiharibiwe. Mkulima anapomaliza dawa, asuuze kidumu mara tatu, na kila mara amimine maji ya kusuuzia ndani ya bomba la kupulizia ili yatumike shambani. Kisha akitoboe chini na ubavuni, na kumwuliza afisa ugani mahali pa kukipeleka. Kisichomwe moto nyumbani wala kutupwa mtoni au kwenye lambo. Tundu moja la msumari shambani huzuia dumu hilo lisifike gulioni. Ulinzi wa mnunuzi huanza hapo, mikononi mwa mkulima ambaye huenda hawatakutana kamwe.

Dalili na hatua za haraka

Mtu aliyekunywa kitu chenye kiuatilifu aweza kutokwa mate na jasho jingi, kutapika, kuharisha, kutetemeka misuli, kuona ukungu na kupumua kwa shida. Dalili hizi zisidhaniwe kuwa ni ulevi. Mgonjwa asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa au mafuta. Apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na chombo kilichotumika, pamoja na lebo yake ikiwepo, kibebwe ili mganga ajue anapambana na nini. Wengine waliokunywa kutoka chombo hicho watafutwe, hata kama bado hawajisikii vibaya.

Wajibu wa mpishi anayeuza

Anayepika pombe ya kienyeji kwa kuuza anatakiwa kuwa na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Vileo, na kufuata maelekezo ya afya ya mahali pa biashara. Afisa Afya wa Kata yupo kwa ajili ya ushauri, si ukaguzi peke yake. Chombo chenye shaka kinaweza kupelekwa kwake kabla ya kutumika.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini namba iliyo kwenye kitako cha dumu haitoshi kuthibitisha usalama wake?
2. Jirani ameosha dumu la dawa ya magugu kwa maji yanayochemka na halina harufu tena. Je, linafaa kuwekea togwa? Eleza sababu.
3. Taja madhara mawili ya kumimina uji wa pombe ukiwa wa moto ndani ya ndoo ya plastiki.
4. Nyumbani kwako kuna madumu mangapi ambayo historia yake hakuna anayeijua?

Swali la nne halina jibu la kitabuni. Lijibiwe leo, kwa kuyatoa madumu yote uani na kuyatenga mafungu mawili.