Kabla ya Kubadilisha Kipuri, Soma Dhamana ya Pikipiki Yako

Pikipiki mpya inapotoka dukani, mnunuzi hukabidhiwa funguo, risiti na kijitabu cha dhamana. Wengi huhifadhi kijitabu bila kukisoma, kisha huelekea kwa fundi kuongeza taa, honi kali, redio na kariea kubwa. Miezi michache baadaye pikipiki inagoma, na muuzaji anakataa kuitengeneza bila malipo. Kwa mhudumu wa bodaboda anayebeba abiria kutoka Khunyangu hadi Bumala huku akilipa mkopo, hilo si jambo dogo. Pikipiki inaweza kulala gereji, lakini deni halilali.

Dhamana ni nini?

Dhamana, au waranti, ni ahadi kwamba kasoro iliyotoka kiwandani itarekebishwa bila malipo. Kwa kawaida huwa na kikomo cha muda na cha kilomita, na kinachofika kwanza ndicho huifunga. Mara nyingi haihusu ajali wala vitu vinavyochakaa kwa matumizi, kama vile tairi, balbu na breki. Mnunuzi pia hutakiwa kupeleka pikipiki sevisi kwa wakati.

Aina tatu za vipuri

Kuna vipuri halisi vya mtengenezaji wa pikipiki. Kuna vipuri mbadala, vinavyotengenezwa kihalali na kampuni nyingine kwa jina lake. Tena kuna vipuri ghushi, vinavyobandikwa jina la wenyewe. Kipuri mbadala si lazima kiwe kibovu. Kipuri ghushi ni kinyume cha sheria.

Madhara hutokeaje?

Taa na redio za ziada huvuta umeme kuliko uwezo wa mfumo wa chaji, na waya zilizokatwa na kuunganishwa upya zinaweza kuungua. Filta ya hewa isiyoziba vizuri hupitisha vumbi la murram, nalo hukwaruza silinda. Oili ya gari inaweza kufanya klachi iteleze, kwa kuwa katika pikipiki nyingi klachi huzama katika oili ya injini. Hitilafu ikitokea katika sehemu iliyoguswa hivyo, muuzaji hupata sababu ya kukataa dai.

Lakini kariea haiharibu gia. Muuzaji akikataa dai, mwombe aandike ni kipuri gani kilisababisha hitilafu, na ni sharti lipi la dhamana limevunjwa.

Sheria inasemaje?

Baadhi ya wahudumu wamesikia kwamba mtengenezaji hawezi kumlazimisha mteja kutumia vipuri vya chapa yake. Maelezo hayo hutokana na sheria ya Marekani ya mwaka wa 1975, ambayo haitumiki Kenya. Hapa, anza na masharti yaliyo kwenye kijitabu.

Hata hivyo, mnunuzi ana kinga. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji kutoa bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na mkataba wenye maneno tata hufasiriwa kwa manufaa ya mteja.

Mambo ya kufanya

1. Soma kijitabu kabla ya kulipa. Usipoelewa sharti, omba ufafanuzi.
2. Mkopeshaji akitaka kufunga kifaa cha kufuatilia pikipiki, pata idhini ya muuzaji kwa maandishi. Kifaa hicho nacho huunganishwa na waya.
3. Ukinunua pikipiki upande wa Uganda, uliza kama dhamana inatambuliwa Kenya.
4. Dai risiti ya kila kipuri na kila oili, na hakikisha kila sevisi imepigwa muhuri.
5. Hitilafu ikitokea, usiruhusu injini ifunguliwe na fundi mwingine kabla muuzaji hajaikagua.

Msipoelewana, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Vipuri ghushi viripotiwe kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kuwasilishwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako si lazima kuwa na wakili. Popote uendapo, beba risiti na kijitabu chako.