Somo la Sita: Kuvisha Upya Makochi ya Nyumbani

Mavuno ya alizeti yakishauzwa, kaya nyingi za Ihanja, wilayani Ikungi, hushika fedha ambayo haitarudi tena mpaka msimu mwingine. Ndipo mahitaji yaliyosubiri mwaka mzima yanapojitokeza: ada, bati, mbegu, na pengine makochi ya sebuleni ambayo matakia yake yamebonyea na vitambaa vimepasuka. Mwenye nyumba ana njia tatu. Aweza kununua makochi mapya, aweza kumpa fundi kazi yote, au aweza kununua vifaa na kuifanya kazi hiyo mwenyewe kwa msaada wa jirani mwenye cherehani.

Somo hili linahusu njia ya tatu. Anayejivishia makochi yake huokoa ujira wa fundi, lakini hubeba mzigo mwingine: yeye ndiye mnunuzi wa sponji, kitambaa, uzi na zipu, na kila kosa la kipimo hulipwa kwa mfuko wake, pamoja na nauli ya kurudi Singida mjini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya mkasi kugusa kitambaa.

Baada ya somo hili, msomaji ataweza:
(a) kuamua kama kochi lake linastahili kuvishwa upya;
(b) kukokotoa kiasi cha kitambaa kinachohitajika;
(c) kupima ubora wa sponji dukani;
(d) kudai haki yake endapo atauziwa kisicho sahihi.

1. Fungua kabla ya kununua

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Kitambaa kipya juu ya fremu iliyooza hupendeza kwa miezi michache tu. Toa matakia yote, lipindue kochi, kisha lichunguze chini yake kwenye mwanga wa jua.

Shika sehemu za kuwekea mikono, uzitikise. Katika nyanda kavu kama za Singida, mbao husinyaa wakati wa kiangazi na maungio hulegea. Ungio lililolegea si tatizo kubwa: litenganishe, kwangua gundi ya zamani, paka gundi mpya ya mbao, kaza kwa kamba mpaka ikauke. Tatizo kubwa ni mbao iliyoliwa. Gonga kila mguu kwa kitu kigumu. Ukisikia sauti ya uwazi, au ukiona vitundu vyenye unga laini, choma hapo kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama bila kuzuiwa, mbao hiyo ibadilishwe kwanza, la sivyo usitumie fedha kwa kitambaa.

Chunguza pia mikanda au ubao unaobeba takia. Mara nyingi mwenye nyumba hulaumu sponji, kumbe mikanda ya mpira ndiyo iliyolegea.

Kisha linganisha gharama tatu: vifaa vyote pamoja na nauli na ujira wa kushonewa; bei ya fundi kwa kazi nzima; na bei ya kochi jipya lenye mbao za ubora uleule. Vifaa peke yake vikizidi nusu ya bei ya kochi jipya, fikiri upya.

2. Pima, kisha ukokotoe kitambaa

Pima fremu yenyewe, usipime takia kuukuu, kwa kuwa sponji iliyochoka imekwisha kutanuka au kusinyaa. Tuchukue mfano wa kaya yenye makochi manne ya mtu mmoja, kila moja likihitaji takia la kukalia lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 10.

Kila upande unaoshonwa uongezewe sentimita 1.5. Hivyo kipande cha juu na cha chini vitakuwa sentimita 63 kwa 63 kila kimoja. Kitambaa cha makochi chenye upana wa sentimita 140 huweza kubeba vipande hivyo viwili kwa ubavu, maana 63 mara 2 ni 126. Vyote viwili hutumia urefu wa sentimita 63 wa kitambaa.

Ukanda unaozunguka ubavu wa takia una upana wa sentimita 13, yaani 10 za unene na 3 za mishono. Kanda mbili zilizokatwa kutoka ukingo hadi ukingo hutosha, nazo hutumia urefu wa sentimita 26. Mabaki ya kanda hizo, pamoja na kipande kilichosalia kando, hutosha kwa upande wa nyuma wenye zipu.

Kwa takia moja: 63 + 26 = sentimita 89.
Kwa matakia manne: 89 × 4 = sentimita 356.
Ukiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya makosa na kunywea: takriban sentimita 392. Nunua mita 4.

Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza ni upana. Kitambaa chenye sentimita 120 hakiwezi kubeba vipande viwili vya 63 kwa ubavu, na hesabu yote huvunjika. Uliza upana kabla ya kuuliza bei. Ya pili ni yadi. Yadi moja ni sentimita 91.44, na yadi 4 ni sentimita 366 tu. Aliyehitaji mita 4 akapimiwa yadi 4 amepungukiwa na sentimita 34, na akikosea kukata kipande kimoja, takia la nne halitakamilika.

Kama kitambaa kina maua au mistari, ongeza zaidi, kwa sababu picha zote hazina budi kuelekea upande mmoja. Kitambaa cha pamba kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, ili kinywee kabla hakijashonwa.

3. Sponji hupimwa kwa mizani

Macho hayatoshi kutambua sponji bora. Sponji mbili za rangi moja na unene mmoja zaweza kutofautiana sana, kwa kuwa moja imejaa hewa kuliko nyingine. Kipimo chake ni uzito wa mita moja ya ujazo. Kwa kukalia, sponji yenye kilo 28 hadi 35 kwa mita ya ujazo hufaa. Iliyo nyepesi, ya kilo 18 hivi, hufaa zaidi kuegemea mgongo. Ukiikalia kila siku, itabonyea mapema.

Chukua mfano wa kipande cha futi 6 kwa 4, unene wa inchi 4. Kwa mita ni takriban 1.83 × 1.22 × 0.10, sawa na mita za ujazo 0.223. Kikiwa cha kilo 30 kwa mita ya ujazo, kitakuwa na uzito wa karibu kilo 6.7. Kikiwa cha kilo 18, kitakuwa na kilo 4 tu. Tofauti hiyo huonekana hata kwenye mizani ya kawaida ya dukani. Kipande hicho kikikatwa vizuri hutoa vipande sita vya takriban sentimita 61 kwa 61. Ile sentimita moja ya ziada si hasara: sponji iliyozidi kava kidogo huijaza mpaka pembeni na kuondoa makunyanzi.

Mnunuzi aweza kusema kwa heshima, “Kaka, naomba tuipime kwenye mizani kabla sijalipa.” Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hana sababu ya kukataa.

Mizani isiaminiwe peke yake, kwa kuwa baadhi ya sponji huongezewa unga wa madini ili ziwe nzito. Kwa hiyo ibonyeze kwa ngumi na uiachie: ihesabiwe kuwa nzuri ikirudi mara moja. Isugue ukingoni kwa kidole: ikitoa unga au chembe, imezeeka au haikutengenezwa vizuri. Ivunje imani pia kwa futi ya kupimia, kwani “inchi 4” ya mdomoni yaweza kuwa inchi 3 na nusu. Sponji yenye madoa ya rangi nyingi imeundwa kwa vipande vilivyogandishwa. Ni ngumu na nzito, nayo si bidhaa mbaya ikiuzwa kwa jina lake na bei yake.

4. Kukata, kushona na kuvisha

Tandika kitambaa chini ndani nje, chora vipande vyote kwa chaki kabla ya kukata hata kimoja, kisha hesabu: vipande vya juu vinne, vya chini vinne, kanda, na sehemu za zipu. Hesabu ikitimia, kata.

Tumia uzi wa poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba huoza mapema kwa jasho na unyevu. Cherehani iwekwe sindano namba 16 au 18, na mshono uwe wa milimita 3 hadi 4. Anza kushona zipu kwenye ukanda wa nyuma, unganisha kanda zote ziwe duara, kisha shona kipande cha juu, na mwisho cha chini. Acha zipu wazi kabla ya mshono wa mwisho, ili uweze kugeuza kava. Shona pembe mara mbili.

Kuingiza sponji, ikunje katikati, isukume hadi pembe za mbele, kisha iachie ijitandaze.

Viti vilivyowambwa moja kwa moja juu ya ubao, kama vya meza ya chakula au pikipiki, hufuata kanuni nyingine. Ng’oa pini za zamani kwa bisibisi bapa huku umevaa miwani. Laza sponji juu ya ubao na kitambaa juu yake. Piga pini moja katikati ya kila upande, ukivuta pande zinazotazamana kwa nguvu sawa. Endelea kutoka katikati kuelekea pembeni, na pembe ziwe za mwisho. Hivyo ndivyo viti vya ndani ya boti vinavyowambwa pia, ila huko maji huongeza masharti: ngozi bandia isiyopitisha maji, pini za chuma cha pua zisizoshika kutu, na matundu kwenye ubao ili maji yaliyopenya yapate pa kutokea. Pikipiki inayolala nje wakati wa masika yahitaji uangalifu wa namna hiyohiyo.

5. Usalama

Gundi ya sponji hutoa mvuke unaoshika moto upesi. Ipake nje au penye madirisha wazi, mbali na jiko, koroboi na sigara. Sponji yenyewe ikiungua hutoa moshi wenye sumu, ukiwamo wa kaboni monoksidi. Kwa hiyo mabaki yasitumiwe kuwashia jiko wala kuchomwa karibu na nyumba. Vipande safi vikatwekatwe na kujazwa kwenye mito. Takia lililofuliwa likaushwe kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali huifanya sponji kuwa ya manjano na kupukutika.

6. Haki zako ukinunua vifaa

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo au kwa sampuli haina budi kulingana na maelezo au sampuli hiyo. Vipimo vya biashara, ikiwamo rula ya mita ya muuza vitambaa, husimamiwa na Wakala wa Vipimo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340.

Ili haki hizo zisibaki maandishi matupu, fanya haya:
(a) Taka upimiwe kwa mita, kitambaa kikiwa kimelazwa bila kuvutwa.
(b) Dai risiti, na uombe iandikwe aina ya bidhaa, mita na upana.
(c) Hifadhi kipande kidogo cha kitambaa na cha sponji pamoja na risiti.
(d) Pima tena kabla ya kuondoka dukani. Kitambaa kilichokwisha kukatwa vipande nyumbani ni vigumu kukidai.
(e) Ukikuta kasoro, anza na muuzaji. Asipokusikiliza, peleka malalamiko kwenye mamlaka husika ukiwa na risiti na sampuli.

Zoezi

1. Kaya ina viti sita, kila kimoja kikihitaji takia la sentimita 50 kwa 50, unene 10. Kitambaa kina upana wa sentimita 140. Inunue mita ngapi?
2. Sponji mbili za futi 6 kwa 4, unene wa inchi 4, zina uzito wa kilo 4.2 na kilo 6.5. Ipi ni ya kukalia na ipi ni ya kuegemea?
3. Taja mambo mawili yatakayokufanya usivishe kochi kitambaa kipya.

Jibu la swali la kwanza: sentimita 79 kwa takia moja, 474 kwa sita, na takriban 521 pamoja na ziada. Inunue mita 5 na robo.