Weka Dodoki Chini, Mdogo Wangu

*"Dada, tangu nijifungue mtoto wa pili tumbo limekataa kurudi. Shingo nayo imekuwa nyeusi. Naisugua kwa dodoki na ndimu mpaka inachubuka, haitakati. Wifi ananicheka eti sijui kuoga. Chai ya kupunguza tumbo nakunywa, sioni kitu. Nifanyeje?" — Msomaji, Tanga*

Mdogo wangu, weka dodoki chini. Weusi huo wa nyuma ya shingo, wenye ngozi nene-nene na ambao hutokea kwapani pia, si uchafu. Mara nyingi ni ishara kwamba insulini imezidi kwenye damu, nayo ikizidi huchochea ngozi kukua. Mwambie wifi hivyo, kwa upole.

Kwa nini izidi? Turudi tumboni. Mafuta unayoweza kuyafinya kwa vidole hayana maneno sana. Yenye maneno ni yale ya ndani, yanayozunguka utumbo na ini. Seli zake zikijaa kupita kiasi, nyingine hufa, na chembe za kinga ziitwazo makrofaji huzizunguka ili kuzisafisha. Hapo ndipo inflamesheni inapoanza. Ni mwitikio uleule unaovimbisha kidole kilichochomwa na mwiba, ila huu ni wa chinichini: hauumi, wala haupoi.

Mwaka 1993, Gökhan Hotamisligil na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kemikali ya inflamesheni iitwayo TNF-alfa, na kwamba ikizuiwa, insulini hufanya kazi vizuri zaidi. Kumbe mafuta si ghala tu, yanatuma ujumbe mwili mzima. Insulini inapiga hodi kwenye misuli na ini ili sukari iingie, lakini kwa kelele hizo hodi haisikiki. Kongosho linaongeza insulini, linaongeza tena, na likishindwa, kisukari hicho.

Sasa, la kufanya. Azima futi ya fundi cherehani ujipime kiuno, bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamke, sentimita 80 ni mstari wa tahadhari. Kisha nenda zahanati asubuhi kabla ya kula, upime sukari na presha.

Chai achana nayo. Zenye sanamaki zinakuharisha tu: unapoteza maji, mafuta yamekaa palepale. Na kama unanyonyesha, ndiyo kabisa.

Wala huhitaji kurudi ulivyokuwa siku ya harusi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, kwa watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari, ulilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kisukari kilipungua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 80, hizo ni kilo tano na nusu hivi. Kwa hiyo tembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki. Soda iache dukani. Maandazi yasiwe ya kila asubuhi. Sahani ya mchana ijae mchicha, maharage au dagaa, na ugali uwe wa dona, kipande kidogo.

Insulini ikishuka, shingo nayo hufifia taratibu. Ila kipimo cha sukari kikisoma 7.0 mmol/L au zaidi hujala kitu, nenda ukamwone daktari akirudie na kukuelekeza. Usisubiri jibu langu la mwezi ujao.