Dirisha likikataa, usiulaumu mlima

Swali: Niko Lushoto, seva yetu iko Morogoro, zote ni Linux. Naingia kwa SSH bila shida, lakini nikifungua QGIS naambiwa haiipati skrini. Ni mtandao wetu wa huku Usambara?

Jibu: Siyo, na ushahidi unao mwenyewe: umeshaingia. Mtandao uliofikisha nenosiri lako na amri zako ungefikisha na dirisha, japo kwa kusuasua. Tatizo liko kwenye mipangilio. Ukiwa ndani ya seva, andika echo $DISPLAY. Pasipotokea kitu, njia ya picha haikufunguliwa: pengine uliingia bila -X, au faili la sshd_config la seva halina X11Forwarding yes, au xauth haijasakinishwa, jambo la kawaida kwa seva isiyo na skrini. Ikitokea localhost:10.0, njia ipo. Chunguza kama umebadili mtumiaji kwa sudo, maana kibali kilicho kwenye .Xauthority hubaki kwa mtumiaji wa kwanza. Wapo wanaoshauri ujaze DISPLAY kwa mkono. Usiwasikilize: SSH huijaza yenyewe, na ukiijaza wewe umeficha dalili, ugonjwa uko palepale.

Swali: Kompyuta yangu mpakato inatumia Wayland. Itafaa?

Jibu: Kwa kawaida inafaa, kupitia XWayland. Hakikisha tu DISPLAY haiko tupu kwako pia, kabla ya kuingia kwenye seva.

Swali: Dirisha limefunguka, lakini ramani ya msitu wa Magamba haisogei. Bado utautetea mtandao?

Jibu: Hapa siutetei, ila kosa lake ni muda wa safari, si wembamba wa njia. X11, mfumo wa madirisha unaopitishwa na -X, uliotoka mwaka 1987, huiuliza skrini yako maswali mengi, na mengine hayaendelei mpaka jibu lirudi. Chukulia safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 80: maswali 100 yanayosubiriana yanakula sekunde 8. Ndiyo maana -C, inayobana data, husaidia kidogo tu, na kifurushi kikubwa zaidi hakifupishi safari. Tumia xpra. Yenyewe huzungumza na programu hukohuko Morogoro, kisha hukutumia picha. Tena mawasiliano yakikatika, QGIS inaendelea na kazi. Kwa ssh -X ingekufa papo hapo. Bakiza -X kwa madirisha madogo na kompyuta za ofisi moja, na kumbuka kusakinisha xpra pande zote mbili.