Umbo na Mchakato katika Istilahi za Protini: Suala la Selimundu

1.0 Utangulizi

Lusahunga, katika Wilaya ya Biharamulo, ni kituo kwenye barabara iendayo Ngara na mpaka wa Rusumo. Katika eneo hilo hukutana wasemaji wa Kisubi, Kihangaza, Kisukuma na lugha nyinginezo. Mganga na mzazi wasio na lugha mama moja hawana budi kuelewana kwa Kiswahili. Hivyo basi, istilahi ya tiba ikiwa na upungufu, upungufu huo humfikia mgonjwa.

Makala haya yanachunguza istilahi moja, selimundu. Hoja yetu ni kwamba istilahi hiyo inataja umbo na kuficha mchakato, ilhali unyambulishaji wa vitenzi vya Kiswahili unaweza kuufichua. Suala hili si dogo. Mwaka 1954, A. C. Allison alionesha uhusiano baina ya jeni ya ugonjwa huu na malaria katika Afrika Mashariki: anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea kandokando ya Ziwa Viktoria. Tanzania nzima inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka.

2.0 Mchakato Wenyewe

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Mnyororo huo hujikunja na kupata umbo maalumu, na mpangilio wa asidi amino ndio unaoamua umbo hilo. Christian Anfinsen alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1972 kwa kazi yake juu ya jambo hili. Himoglobini, protini ibebayo oksijeni katika damu, ina minyororo minne: miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146 kila mmoja.

Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake walionesha kuwa himoglobini ya mgonjwa ni tofauti na ya kawaida. Baadaye Vernon Ingram aligundua kiini cha tofauti hiyo: katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, asidi ya glutami imebadilishwa na valini. Jambo la kuzingatia ni kwamba himoglobini hiyo hujikunja vema na minyororo yake huungana ipasavyo. Tatizo huanza inapotoa oksijeni. Hapo valini, ambayo hukwepa maji, hupenya katika kishimo cha molekuli jirani, na molekuli nyingi hushikamana kuwa nyuzi ndefu. Nyuzi hizo huipinda seli, nayo hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu na kuiziba.

3.0 Uchambuzi wa Istilahi

Selimundu ni nomino ambatani ya seli na mundu. Mundu ni chuma kilichokwisha kupindwa, haunyooki wenyewe. Mzazi alisikiapo neno hilo anaweza kudhani kuwa seli za mwanawe zimezaliwa zimepinda na hakuna la kufanya. Kumbe seli nyingi, zipatapo oksijeni, nyuzi huachana na umbo hurejea. Kujirudia kwa hali hiyo ndiko kunakoharibu utando wa seli hata isiweze kurejea tena. Ndiyo sababu mgonjwa huhimizwa kunywa maji ya kutosha, kujikinga na baridi na kutibiwa homa mapema.

Tunapendekeza vitenzi vinne vitofautishwe:

(a) jikunja: kiambishi ji- chaonesha kuwa mnyororo hujitenda wenyewe. Kinyume chake ni jikunjua, kwa kauli ya kutendua. Kunjamana haifai, kwani hudokeza makunyanzi.
(b) ungana: kauli ya kutendana, kwa minyororo inayokamilisha protini moja.
(c) shikamana: viambishi -am- na -an- vyaonesha hali ya kukamatana, kitenzi hiki kifae kwa molekuli zinazofanya nyuzi.
(d) nata: kwa seli na uso inaougusa.

Kwa vitenzi hivi, kosa la kusema kwamba protini ya mgonjwa "imejikunja vibaya" huepukika. Aidha, kazi ya hidroksiyurea huelezeka kwa sentensi moja: dawa hiyo huongeza himoglobini ya kijusi, ambayo huzuia molekuli zisishikamane.

4.0 Hitimisho

Hatusemi kwamba selimundu iachwe. Imekwisha kuzoeleka, sambamba na sikoseli. Tunalosisitiza ni kwamba waundaji wa istilahi, ambao kwa kawaida hutafuta nomino, wazingatie pia vitenzi. Nomino humwambia mzazi mwanawe ana nini. Kitenzi humwambia ni lini na kwa nini hali hubadilika, na hapo ndipo penye nafasi ya kumsaidia.